Mbegu kuwa na mbio sio kutunga mimba: habari ya Vienna tumeisoma vibaya

Kuna habari ya sayansi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp toka Oktoba 2024, inapotea wiki mbili tatu afu inarudi na kichwa kipya, kwamba watafiti wa Vienna kule Austria wametumia akili mnemba wakajua mbegu ya kiume inavyolishika yai. Hapa Dodoma nimeikuta kwenye grupu la kikoba, la wazazi wa shule mpaka la kwaya, na nikisoma majibu ya watu naona wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema haya, ugumba umepata dawa, kompyuta imemaliza kazi. Wa pili wameangalia klipu ya dakika moja wakatoka na neno kwamba yai ndo linachagua mbegu, kwa hiyo mkikaa miaka bila mtoto mjue damu zenu haziendani, kila mtu ashike njia yake. Mi naona pande zote mbili zimekosea, na cha maana kilichomo kwenye habari ile kimepita hivi hivi bila kuguswa. Cha maana ni kwamba kati ya mbegu kufika kwenye yai na mimba kutunga kuna hatua nzima ya kushikana, na hiyo hatua kipimo cha mbegu za mwanaume tunachokiamini sana hakiioni, hakikutengenezwa kuiona. Sasa kwa kuwa hakiioni, mwanaume akishapata karatasi nzuri kesi inafungwa na lawama yote inahamia kwa mke. Huo ni uonevu, na sayansi ya miaka 20 hii haituruhusu tuendelee nao.

Tuanze na tulivyofundishwa. Shuleni wengi tulichorewa mbegu zinakimbizana, yenye mbio inafika ya kwanza, inatoboa yai, basi. Mchoro ule umeacha vitu vingi mno. Mwanaume anatoa mbegu makumi mpaka mamia ya milioni kwa mara moja, zinazofika kwenye mrija karibu na yai ni mia chache tu, na hata hizo zikifika mapema haziwezi kitu mpaka zimeiva kwa masaa kadhaa ndani ya mwili wa mwanamke. Hili la kuiva liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili kila mmoja kivyake, M. C. Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia, na likaeleza kwa nini majaribio mengi ya kurutubisha yai nje ya mwili yalikuwa yanafeli. Kwa hiyo iliyotangulia kufika mara nyingi sio itakayorutubisha. Afu yai lenyewe halijakaa wazi, limezungukwa na seli ndogondogo, ndani ya hizo seli kuna ganda laini la protini linaitwa zona pelusida, na mbegu inajishikiza kwanza kwenye ganda hilo, hasa kwenye protini inayoitwa ZP2. Hapa kuna ubaguzi mkali wa jamii na jamii, mbegu ya binadamu haishiki ganda la yai la panya, ila watafiti wa Marekani walipotengeneza panya wenye ZP2 ya binadamu, mbegu za binadamu zikashika. Na kwenye kichwa cha mbegu kuna kifuko kinaitwa akrosomu ambacho lazima kipasuke, maana kikipasuka ndo uso wa mbegu unabadilika na protini zilizokuwa zimefichwa zinatokeza nje. Vitabu vya zamani vilisema kinapasuka mbegu ikigusa ganda, lakini mwaka 2011 watafiti wa Japani walizifuatilia mbegu za panya kwa kamera wakaona nyingi ya zile zilizofanikiwa zilikuwa zimeshapasua kabla hata ya kulifikia.

Ukishavuka ganda ndo unakutana na uso wa yai lenyewe, na stori ya Vienna iko hapa. Mwaka 2005 kule Osaka, Naokazu Inoue na Masaru Okabe walitangaza protini ya kwenye mbegu wakaiita Izumo, jina la hekalu la Kijapani ambako watu wanaenda kuombea ndoa. Walitengeneza panya dume wasio na Izumo, na kilichotokea ndo kitu ambacho natamani kila familia inayohangaikia mtoto ingekijua. Wale dume walikuwa na mbegu nyingi, zenye mbio, umbo zuri, zinapita ganda la yai bila shida, zinafika kwenye yai lenyewe afu zinabaki zinahangaika pale pale, haziungani nalo. Dume tasa kabisa. Wakachukua mbegu zile zile wakaziingiza ndani ya yai kwa sindano, mayai yakakua, vitoto vya panya vikazaliwa vizima. Yaani mbegu ilikuwa na kila kitu isipokuwa cha kushikia. Mwaka 2014 Enrica Bianchi na Gavin Wright wa Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, wakapata mwenzake Izumo upande wa yai, wakamwita Juno, na panya jike asiye na Juno naye hazai. Mbegu moja ikishaingia, yai la panya linaondoa Juno usoni mwake ndani ya dakika 40 hivi, na huku kwenye ganda ile ZP2 inakatwa na kimeng'enya kinachotoka ndani ya yai, kwa hiyo zinazokuja nyuma hazina tena pa kushika. Ni njiti ya kiberiti na ubavu wa boksi lake, viwe vizima vyote viwili ndo moto uwake, na njiti ikiwa imelowa huwezi kulaumu boksi.

Tatizo likabaki kwamba kwenye mbegu kuna protini nyingine kadhaa, SPACA6, TMEM95, FIMP na wenzake, ukiondoa mojawapo dume anakuwa tasa au karibu na tasa, ila hakuna aliyekuwa anajua zinakaaje pamoja na Izumo. Andrea Pauli na timu yake pale Vienna wakatumia AlphaFold, programu ya akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini, ikawaonyesha Izumo na SPACA6 zinakaa kundi moja na protini ya tatu ambayo hakuna aliyeitilia maanani, TMEM81. Wakashirikiana na maabara ya Osaka, wakaiondoa kwa samaki wadogo wa maabara wanaoitwa zebra na kwa panya, madume wakawa hawazai. Kwa samaki kundi hilo la protini tatu linashika protini ya yai inayoitwa Bouncer, kwa sisi mamalia kwenye yai yupo Juno, yaani upande wa dume umebaki karibu vile vile toka enzi za mababu wa samaki wakati upande wa jike umebadilika. Hiyo ndo habari yenyewe. Dawa haimo.

Kwa sisi wa mikoa ya kati wala hatuhitaji panya wa Osaka kuelewa hili, tuna ng'ombe. Mtu wa Kongwa au Mpwapwa anayefuga ukimwambia kuna dume linapanda vizuri, lina nguvu, halina ugonjwa na bado majike hawashiki, hashangai, atakwambia dume hilo peleka mnada wa Msalato. Hamlaumu jike kwanza, maana amewaona majike kumi na dume lile lile. Sasa mwaka 2014, mwaka ule ule wa Juno, watafiti wa Ujerumani walitoa kazi yao kuhusu madume ya aina ya Fleckvieh ambayo manii yake yalipita vipimo vyote vya kituo cha uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume kupanda, idadi nzuri, mwendo mzuri, yakagandishwa yakauzwa, na majike yaliyohimilishwa yakashika mimba chini ya wawili kwa kila mia. Wakatafuta kwenye jeni wakakuta kosa moja dogo kwenye TMEM95. Madume mazima kwa macho, mazima kwa darubini, na karibu hayazalishi. Kazi za baadaye za panya zikaonyesha kuwa bila TMEM95 mbegu inafika kwenye yai na inashindwa kuungana nalo. Mfano huu naupenda kuliko wa panya kwa sababu hakuna mtu aliyewatengeneza maabara wale madume, walizaliwa hivyo, wakafugwa hivyo, na karatasi zao zilikuwa safi.

Karatasi. Kuna dada wa Nkuhungu ninayemfahamu, ndoa yao ina miaka kadhaa bila mtoto, mume akakubali kwenda kupima, jambo ambalo lenyewe nampongeza maana wengi hawaendi. Majibu yakaja mazuri. Akayapeleka steshenari yakapigwa lamineshen, na kwenye kikao cha familia yakazungushwa mkono kwa mkono, mpaka shangazi wa mume alipomgeukia yule dada akasema, "Haya mwanangu, mwenzio tumemwona yuko sawa, sasa wewe unatuambiaje?" Hakuna aliyeuliza karatasi ile imepima nini. Imepima vitu vinne vikubwa, ujazo, idadi, mwendo na umbo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 vinasema ujazo kuanzia mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Namba hizi zilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na mstari ukawekwa pale ambapo asilimia 5 ya hao hao kina baba wako chini yake. Kwa hiyo kuna wenye watoto wao walio chini ya mstari, na kuna walio juu ya mstari ambao hawapati. Karatasi inakwambia mbegu zipo na zinatembea. Kama Izumo yake iko usoni, kama akrosomu inapasuka kwa wakati wake, kama zitashika ganda, haisemi lolote, na fundi wa maabara mwaminifu atakwambia hivyo hivyo ukimuuliza.

Nirudi kwa wale wa akili mnemba. Hoja yao ina ukweli wake, AlphaFold imefupisha kazi ambayo ingechukua miaka ya kubahatisha protini moja moja, na waliohusika nayo, Demis Hassabis na John Jumper, walipewa sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka huo huo wa 2024. Lakini programu ilitoa utabiri tu, walioweka samaki kwenye maji, wakakata jeni, wakahesabu mayai yaliyorutubika na yasiyorutubika ni watu. Na wasingekuwa na cha kuiuliza programu kama Osaka hawakuwa wameitafuta Izumo kwa miaka mingi kabla. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanaosoma baiolojia hapa UDOM wanaambiwa maabara imepitwa na wakati, kila kitu ni kompyuta, wakati kazi hii hii wanayoitolea mfano inaonyesha kompyuta na maabara vimetembea pamoja na neno la mwisho likabaki kwa maabara.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi na hii siipingi, naiwekea mipaka tu. Madaktari na manesi kadhaa wananiambia we unaongelea protini, sisi huku tatizo letu kubwa ni mirija kuziba, maambukizi ya kisonono na klamidia yasiyotibiwa, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kienyeji. Ni kweli, Afrika kusini mwa Sahara mirija kuziba imekuwa sababu kubwa kwa muda mrefu, na shilingi ya kwanza ya wizara ningeiweka kwenye kutibu magonjwa ya zinaa mapema kuliko kwenye kupima Izumo. Ila angalia hoja hii inavyotumika mtaani. Inatumika kama kwamba mirija ni ya mwanamke kwa hiyo kosa ni la mwanamke, wakati kisonono hakuja nacho toka kwa mama yake, kinaweza kuwa kimeletwa nyumbani na huyo huyo mwenye karatasi nzuri, na ugonjwa huo huo unaharibu njia za mbegu za mwanaume pia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba kama mtu mmoja kati ya sita anapitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake, na upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke, kwa karibu nusu ya wenza wenye shida hiyo. Kuangalia mirija hakuzuii kuangalia mbegu, wapimwe wote wawili, wiki ile ile, kabla mwanamke hajaanza kunyweshwa dawa.

Sasa tuje kwenye ile ya damu haziendani, ambayo ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayovunja ndoa. Klipu zinazotembea zimejengwa juu ya utafiti wa mwaka 2020 wa Stockholm na Manchester, ambao ulikuta majimaji yanayolizunguka yai la mwanamke yanavuta mbegu za mwanaume fulani kuliko za mwingine, na hayafuati ndoa, mbegu zilizovutwa zaidi zinaweza zisiwe za mume. Utafiti ni wa kweli. Ila ulichopima ni idadi ya mbegu zilizovutwa, zaidi kidogo huku na pungufu kidogo kule, haukukuta yai linalomfungia mlango mwanaume. Na kwenye kushikana kwenyewe hakuna Juno ya Wagogo na Juno ya Wasukuma, wala ya kundi A na kundi O, protini hizi hazitambui ukoo. Ushahidi mkubwa upo toka mwaka 1976, Ryuzo Yanagimachi akiwa Hawaii alionyesha kwamba ukilivua ganda yai la hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, mbegu ya binadamu inaungana nalo, kiumbe hakikui lakini kuungana kunatokea, na kipimo hicho kikatumika miaka mingi kukagua mbegu za wanaume. Baadaye tukajua kwamba Juno ya hamsta inaishika Izumo ya binadamu. Kama mbegu ya mtu inaweza kuungana na yai la hamsta lililovuliwa ganda, mtu aniambie damu ya mume na mke wa Chamwino inazuiaje. Suala la damu la ukweli ni la Rh, mama akiwa hasi na mtoto chanya, na lile linakuja baada ya mimba kutunga, mara nyingi linasumbua mimba zinazofuata, lina sindano yake na manesi wa kliniki wanalijua. Halina uhusiano na kushika mimba.

Nisivuke mpaka na mimi. Kwa binadamu hatujawa na ushahidi wa kusema wanaume wengi wasiozaa wana kosa la Izumo au TMEM81, makosa ya namna hiyo yakionekana ni machache, na kipimo cha kawaida cha hospitali cha kuyaangalia hakipo. Yanayojulikana vizuri kwa watu ni kama familia moja ya China iliyoripotiwa mwaka 2014, ambapo wanawake walikuwa na kosa kwenye jeni ya ZP1 na mayai yao hayakuwa na ganda kabisa, na wanaume ambao mbegu zao hazina PLC zeta ya kutosha, protini inayoliamsha yai baada ya mbegu kuingia, ambayo ilitambuliwa Cardiff mwaka 2002. Angalia mifano hiyo miwili, mmoja upande wa kike, mwingine upande wa kiume, na hakuna hata mmoja kati ya hayo ungeuona kwa ultrasaundi au kwa kuhesabu mbegu.

Kuna tawi jingine la habari hii ambalo kwetu naona lina uzito kuliko linavyopewa. Ukishajua mbegu na yai vinashikana wapi, unaweza kufikiria kuzuia pale tu, bila homoni. Wanawake wangapi wameacha sindano au kijiti kwa sababu ya damu kutoka ovyo, kichwa kuuma, mwili kubadilika? Njia inayoziba mshikano wa Izumo na Juno ingeacha hedhi na homoni vilivyo, na ingeweza kutengenezwa kwa mwanaume au kwa mwanamke. Haijawa bidhaa, bado iko maabara, ila hilo ndo eneo ambalo ningependa kusikia wabunge wakiliulizia wanapokutana hapa mjini kwetu, badala ya kuuliza kompyuta itatupa lini dawa ya ugumba.

Na kwa wenza walioamua kwenda IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, huku maarifa haya yanafanya kazi leo leo. IVF ya kawaida inaweka mbegu na yai kwenye kisahani kimoja na kuziacha zishikane zenyewe. Ikisi (ICSI), iliyoanza Brussels na kutangazwa mwaka 1992, inachukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano, inaruka ganda, inaruka Juno, inaruka hatua zote za kushikana nilizoeleza hapa. Watu wanauza shamba, mzunguko wa kwanza unafeli, wanaambiwa tu haikushika, wanarudi nyumbani na mke anaambiwa kizazi chake kimekataa. Kabla hamjalipia wa pili, ulizeni mayai mangapi yalitolewa na mangapi yalirutubika. Kama yalirutubika yakapandikizwa yakatoka, hapo ndo mazungumzo ya kizazi, ya homoni na ya ubora wa kiinitete yana nafasi. Kama mayai yalikuwa mazuri, mbegu zilikuwa nzuri kwenye karatasi, na hakuna hata moja lililorutubika, basi halikufika hata kwenye kizazi, shida imetokea kwenye kisahani, kwenye kushikana au kuamka kwa yai, inaweza kuwa ya mume au ya mke, na swali la kumuuliza daktari siku hiyo hiyo ni kama mzunguko unaofuata ufanywe kwa ikisi.